Ungenipigia Mimi

Piramidi ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu haikuwa ya Misri. Iko kwenye makaburi ya Recanati, mji mdogo wa kilimani katika mkoa wa Marche, Italia, na aliyelazwa ndani yake si farao, ni mwimbaji: Beniamino Gigli, mtoto wa fundi viatu. Aliyenipeleka ni bibi niliyekuwa nikimtunza. Ilikuwa tarehe 2 Novemba, siku ya Wakatoliki kuwakumbuka marehemu wao, na mji mzima ulikuwa njiani na maua mkononi. Bibi aliweka yake kwenye kaburi la mumewe, akasali sala fupi kuliko nilivyotarajia, akaniamuru nikisukume kiti chake cha magurudumu hadi kwenye piramidi. Hapo tulikaa.

"Huyu amenitoa machozi kuliko yule," akasema.

Yule ni mume aliyeishi naye miaka 52.

Nilivyofika huko si hadithi ndefu. Sisi wa Malindi tumezaliwa tukawakuta Waitaliano. Walitangulia na roketi: mwaka 1967 walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lao la baharini, kaskazini ya mji. Baadaye zikaja hoteli na pizza, na vijana wa ufuoni wakawa wanabishana kwa Kiitaliano hata wakiwa peke yao. Mimi nilikuwa mtandika vitanda. Kiitaliano nilikiokota vyumbani, neno moja moja, kama mtu aokotaye shanga chini ya kitanda. Kaka yangu alikiokota jukwaani. Ni mwimbaji, bendi yao ilizunguka hoteli, leo hapa, kesho pale, na hapakukucha bila wageni kuuitisha ule wimbo wa mama. Unaitwa Mamma tu. Aliutunga Cesare Andrea Bixio mwaka 1940, maneno yakaandikwa na Bixio Cherubini. Kaka aliuimba kwa sikio, hajui maana ya neno hata moja ila lile la kwanza, na wazee wa Kiitaliano walilia mbele yake wakimtilia noti kwenye mfuko wa shati.

"Wimbo huu una nini?" aliwahi kuniuliza.

Nikamjibu mimi kazi yangu mashuka.

Basi nikapata kibali, nikaenda. Nyumbani wakabaki mama, kaka na mkewe, wifi yangu, pamoja na watoto wao wawili. Mimi nikawa natuma pesa. Naitaja hiyo pesa mapema kwa sababu anayetuma pesa huota masikio marefu na mdomo mrefu zaidi, na hayo mawili ndiyo yaliyonifikisha nilipofika.

Bibi yule kila mtu alimwita Nonna, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa na miaka 88. Nilimlisha, nikamwogesha, nikampa dawa kwa saa zake. Mapumziko yangu Alhamisi mchana na Jumapili. Aliponipokea hakuniuliza nimesoma nini wala nina barua ya nani. Aliuliza kama kambi za Nyeri bado zipo. Kaka yake alikamatwa na Waingereza Ethiopia mwaka 1941 akafungwa Kenya, na miaka ile yote nyumba yao ilikuwa ikingoja barua yenye stempu ya kwetu. Kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa pili kutoka Kenya kuingia kwenye nyumba ile. Wa kwanza alikuwa huyo kaka, siku aliporudi.

Baridi ya kwanza ilinifungia ndani. Ukungu unapanda kutoka bondeni, mvua nyembamba isiyokwisha, na kuanzia saa tisa mchana hakuna la kufanya. Nonna alikuwa na boksi la diski za sinema za zamani, nyeusi na nyeupe, na alizitazama kwa zamu kama mtu anayesali tasbihi. Siku moja akaniambia: leo Gigli.

Sinema yenyewe inaitwa Mamma pia, ya mwaka 1941, imeongozwa na Guido Brignone. Gigli anacheza mwimbaji mashuhuri wa opera mwenye mke kijana. Mama yake anachezwa na Emma Gramatica. Mke anachezwa na Mjerumani, Carola Höhn, kwani ilikuwa vita, Italia na Ujerumani ni washirika hata kwenye kamera. Mwanamume mwingine anamzunguka mke, mke analegea, mama mtu anagundua, anaingia kati, moyo wake haustahimili, anakufa. Kifo chake ndicho kinachowarudisha pamoja mume na mke. Hiyo ndiyo hadithi, na ukiisikia hivi juu juu utasema ni ya kawaida. Lakini wimbo unapoingia, na sura ya yule mama mwembamba, na mimi niko maili elfu kadhaa na mama yangu! Nililia mpaka nikaona haya. Mwana anaimba kwamba ana furaha kwa kuwa anarudi kwa mama, na kwamba hatamwacha tena. Kumbe hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyaimba kaka yangu miaka yote ile, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nakunja mashuka.

Nikitulia naona vichekesho vyake. Gigli alizaliwa 1890 na Gramatica 1874, kwa hiyo mama amemzidi mwanawe miaka isiyofika hata 16, na mwana mwenyewe ni bwana mnene wa makamo anayedeka kama mtoto wa chekechea. Halafu kuna jukwaa. Mwimbaji wa sinema anaimba Otello, opera ya Verdi iliyofunguliwa ukumbi wa La Scala wa Milan mwaka 1887, na Otello ni yule jemadari mweusi anayemuua mkewe kwa wivu. Uso umepakwa rangi. Nikamgeukia Nonna.

"Huyo sasa ni mimi?"

"Nyamaza," akasema, "wewe huimbi."

Kisha akanieleza kwa utulivu wa mwalimu kwamba Gigli hakuwahi kuimba Otello kwenye jukwaa la kweli. Sauti yake ilikuwa asali, na Otello anataka chuma. Kwenye sinema ndiko alikojipa jukumu hilo, kwa sababu hadithi ilihitaji mume mwenye wivu ndani ya mume mwenye wivu.

Sinema ilipokwisha mimi nilikuwa nafuta macho, Nonna macho makavu.

"Mjanja yule mama," akasema.

Nikamwambia, Nonna, mtu amekufa.

"Ndiyo ujanja wenyewe. Aliyekufa hajibiwi."

Ndipo akanisimulia ya mavyaa wake. Waliishi nyumba moja miaka 19. Funguo za stoo zilikaa kiunoni kwa mavyaa; Nonna akitaka unga wa kukandia tambi sharti aombe. Mume alikuwa mtoto wa pekee, hana neno. Mwaka fulani maneno yalipita mtaani, akatajwa Nonna na fundi aliyekuja kurekebisha paa. Mavyaa hakusema kitu. Hakumwambia mwanawe, hakumwuliza mkwewe. Alimtazama tu, miaka. Siku ya kukata roho akamwita kitandani, akamshika mkono mbele ya padri na ndugu wote, akamwambia: nimekusamehe.

"Alinisamehe kitu nisichokifanya," Nonna akasema, "halafu akafa. Sasa nimjibu nani?"

Sikuwa na la kusema. Kwetu mama hana makosa, hasa mama aliyekufa, na mimi nilikuwa nimekwisha kuuchagua upande wangu mbele ya ile runinga. Nilimwona Nonna kama mzee mwenye kinyongo. Sikujua bado kwamba sheria zenyewe za nchi ile zilikuwa zimekaa upande wa kumtazama mwanamke namna ile. Baadaye niliyasoma mambo haya kwa udadisi, nikashangaa. Wakati sinema ile inapigwa, mke aliyezini Italia alifungwa hadi mwaka mmoja. Mume hakuguswa ila aweke hawara nyumbani kwake, au kwingine ambako mji mzima unajua. Kifungu hicho kuhusu mke kilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 1968. Talaka yenyewe haikuwapo mpaka Desemba 1970. Waliotaka kuiondoa wakapeleka jambo kwenye kura ya maoni Mei 1974, wakashindwa. Kwa hiyo mke wa kwenye sinema hakuwa na mlango. Ni kulegea na kufungwa, au kutubu na kubaki. Mwandishi wa hadithi hakuwa na pa kumpeleka, ndiyo maana ikabidi afe mtu.

Na Gigli mwenyewe? Mkewe wa ndoa alimzalia wawili, Enzo na Rina, na Rina akawa mwimbaji wa opera kama baba. Baadaye Gigli akawa na nyumba ya pili, mwanamke mwingine, watoto watatu. Mji ulijua. Piramidi ikajengwa vilevile. Hili Nonna hakulisema kwa uchungu. Alilisema huku anamenya chungwa.

Sasa nakuja kwenye langu.

Ilikuwa Februari. Italia na Kenya wakati wa baridi zinapishana saa mbili, kwa hiyo mimi nikimaliza kumlaza Nonna saa tatu usiku, kwetu ni saa tano, watu wamelala isipokuwa wenye maneno. Jirani mmoja akanitumia ujumbe wa sauti. Ameanza na salamu ndefu, watoto hawajambo, mama hajambo, kisha sauti ikashuka: wifi yako anaonekana usiku, anashushwa na pikipiki, mwenye pikipiki ni yule yule kila siku, na kaka yako yuko hotelini anaimba. Sisemi kitu, akasema. Nakuambia tu wewe ndiwe mwenye nyumba.

Mimi ndiye mwenye nyumba! Neno lile lilinipanda kichwani kuliko habari yenyewe. Kweli, mabati nilinunua mimi, karo ya watoto nalipa mimi. Sikulala kwenye lile wazo hata dakika kumi. Nilimpigia kaka. Nikamkuta nyuma ya jukwaa, wamepumzika kati ya awamu mbili, nasikia gitaa likilegezwa nyuzi. Nikamwambia yote, na nikaongeza yangu kidogo, maana habari ikipita mkononi mwa mtu hainyimwi chumvi. Akanyamaza. Akasema, "Sawa, dada." Kisha akarudi kuimba. Wenzake waliniambia baadaye kwamba usiku ule aliimba ule wimbo wa mama, na wageni walilia kama kawaida.

Kulipokucha wifi alikuwa Kilifi kwa wazazi wake, na mtoto mdogo mgongoni. Mkubwa alibaki.

Nilijiona nimefanya vyema. Nasema kweli, siku mbili nilitembea kifua mbele. Nilijilinganisha na yule mama wa sinema: ameona uovu, hakuufumbia macho, ameokoa nyumba ya mwana. Siku ya tatu mama akapiga. Mama yangu hapigi simu, hupigiwa. Nikajua kuna jambo. Hakunifokea. Aliuliza kama Italia bado kuna baridi. Akauliza ninakula nini. Mwisho kabisa akasema:

"Ungenipigia mimi."

Basi. Akakata.

Nimelitafuna neno hilo muda mrefu. Mwanzo nililielewa kama suala la adabu, kwamba nimemruka mkubwa. Pole pole nikaona linasema zaidi. Mama alikuwa nyumba ile ile. Alikuwa anamwona mkwewe anatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Kama kuna jambo, alikuwa analijua kabla ya jirani. Na kama alinyamaza, alinyamaza kwa hesabu yake. Yule mama wa kwenye sinema, chochote Nonna asemacho juu yake, aliingia mwenyewe, kwa mwili wake na moyo wake mbovu, akalipa. Mimi nilitaka sifa yake bila kutoka kwenye chumba chenye kipasha joto. Nilibonyeza simu, nikalala.

Mnauliza mwenye pikipiki alikuwa nani. Mpaka leo sijui. Niliambiwa alikuwa anambeba kutoka kazini, kuna mahali alikuwa akipika usiku kwa sababu msimu ulikuwa mbaya na hoteli ilikuwa imemcheleweshea kaka malipo, naye hakutaka mumewe ajue analisha nyumba. Niliambiwa pia mengine. Kila aliyeniambia alikuwa na yake. Na ninavyozidi kukaa ndivyo ninavyoona kwamba hata lingekuwa baya kuliko yote, bado halikuwa langu kulipeleka nyuma ya jukwaa saa tano usiku.

Nonna alinitoa siri siku ile ile mama aliyopiga, maana nilichoma mchuzi. Nikamweleza. Hakunihukumu, akasema tutazame nyingine. Akachagua Catene, yaani Minyororo, ya Raffaello Matarazzo, ya mwaka 1949. Ukitaka kujua Waitaliano walivyolia baada ya vita, tazama hiyo. Watu walijaa kumbi. Rosa, anayechezwa na Yvonne Sanson, ni mke mwema wa fundi wa magari Naples. Mchumba wake wa zamani, mhalifu, anajitokeza na kumsumbua. Kila mwenye macho nyumbani anaona jambo ambalo halipo. Mume, Amedeo Nazzari, anamuua yule mtu, anatorokea Marekani, anarudishwa kushtakiwa. Na hapo ndipo penye kisu: wakili anamwonyesha Rosa kwamba akikiri mahakamani kuwa alizini, mumewe atahesabiwa aliua kwa ajili ya heshima. Rosa hakuzini. Anasimama, anakiri. Mume anaachiliwa, yeye anabaki na aibu, nusura ajitupe dirishani kabla mume hajaambiwa ukweli na kumkimbilia.

Nilidhani ni chumvi ya sinema. Hapana. Kanuni ya adhabu ya Italia ilikuwa na kifungu namba 587: mwanamume aliyemuua mkewe, bintiye au dada yake, au yule aliyekutwa naye, kwa hasira ya heshima, alifungwa kati ya miaka mitatu na saba tu. Kilifutwa mwaka 1981. Nonna wakati huo alikuwa na miaka 50, ameshazika mavyaa.

Katikati ya sinema hiyo kuna Krismasi Marekani, Waitaliano waliohama wamekusanyika, na Roberto Murolo anawaimbia wimbo wa Kinapoli ambao ni barua ya mhamiaji kwa mama yake. Kwa Rosa sikulia. Nilishindwa, nilikuwa upande wa jirani, upande wa wanaoona. Machozi yalinitoka hapo kwa Murolo, na sikumlilia mama. Nililia kwa sababu mle chumbani wote ni watu wa kutuma pesa.

Wifi alikaa Kilifi miezi minane. Mama alimfuata mara tatu. Alipanda matatu na lile goti lake bovu, leso mbili, mfuko wa mahamri, akashuka, akatembea jua kali hadi kwa wazazi wake. Mara ya kwanza hakufunguliwa. Mara ya pili alipewa maji. Mara ya tatu walizungumza, wao wawili, uani, na hakuna aliyeambiwa walisema nini. Mama yangu hakufa, wala hakumsamehe mtu mbele ya padri. Alivimba miguu. Alikaa wiki nzima ameiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi, na wifi akiwa amerudi, ndiye aliyekuwa akibadilisha maji.

Niliporudi likizo nilikuta hali hiyo. Kaka alinipokea vizuri, ametulia, amepungua. Nikamtafsiria maneno ya ule wimbo, sentensi kwa sentensi, kama malipo. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe mtu mwenyewe anarudi," akasema. "Mimi nilidhani anaaga." Usiku akaenda kuuimba vile vile alivyouimba siku zote.

Jikoni ndiko nilikokuwa naogopa kuingia. Mama na wifi walikuwa wameketi, mmoja juu ya mbuzi anakuna nazi, mwingine anachambua mchele, na nilipotokea mlangoni mazungumzo yalikatika. Nikavuta kigoda. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi tangu uwanja wa ndege wa Roma, yakanikauka. Wifi ndiye aliyeanza, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Wifi, nasikia ulikuwa unatazama sinema na yule bibi. Ya mwimbaji na mama yake."

Nikasema ndiyo.

"Iliishaje?"

Nikamwambia mama alikufa, mwana akabaki na huzuni, nyumba ikapona. Mama akaendelea kukuna.

"Na mke?"

Nikafungua mdomo. Nilimwona Gramatica kitandani, nilimwona Gigli uso wake ukijaa kioo, niliusikia wimbo. Nikamtafuta yule mke kijana katika picha ya mwisho, amesimama wapi, amevaa nini, analia au halii. Niliitazama sinema ile labda mara tano.

"Sikumbuki," nikasema.

Wifi akapeperusha ungo, makapi yakaruka kuelekea mlangoni. "Basi ukirudi," akasema, "itazame tena."